Neno Jekundu Kwenye Debe

Kila siku kabla ya kwenda shule, Alistidia aliteka maji kwenye chemchemi iliyokuwa bondeni, nje kidogo ya Rwamishenye, akapanda nayo kilima, akayamimina katika mtungi wa marehemu mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita, na katika nyumba nzima hakuna kitu alichokipenda kuliko mtungi huo. Kusema kweli, hapakuwa na vitu vingi vya kuchagua. Matanga ya mama yalipokwisha, ndugu wa marehemu walibeba mikeka, vyungu na kitanda. Mtungi waliuacha kwa sababu ulikuwa na ufa shingoni. Baba yake, Rugaibula, alikuwa seremala hodari aliyejaza meza na makabati katika nusu ya nyumba za mji wa Bukoba. Nyumbani kwake mwenyewe watu walikaa chini, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, na kila Krismasi waliahidiwa viti.

Katika nyumba hiyo tupu ndipo alipoolewa Kokuhirwa, mwanamke kutoka Muleba. Alistidia hakumwita mama. Alimwita mukatata, yaani mke wa baba, na hata mbele ya wageni hakulegeza ulimi. Kokuhirwa naye hakuwa mtu wa kuonewa. Aligombana na msichana huyo kuhusu ufagio, kuhusu chumvi, kuhusu nani aliyeunguza ndizi. Buberwa peke yake, mdogo wake Alistidia wa miaka minne, ndiye aliyewapenda wote wawili, na kwa mapenzi yake hayo alibeba maneno ya huyu kumpelekea yule.

Mwaka huo, 1956, Rugaibula alipata kazi ya kuezeka shule huko Muleba. Alimwachia mkewe fedha kidogo anunue vitu vya lazima. Jumamosi Kokuhirwa alikwenda sokoni mjini, akarudi jioni na mchukuzi mmoja. Walileta kiti chenye mkono mmoja, meza iliyounguzwa kwa pasi na debe kubwa lenye mfuniko wa kukaza. Muuzaji wa vitu vikuukuu alimwambia kwamba vyote vilitoka kwa mzungu mmoja, mwenye shamba la kahawa, aliyehamia mbali.

"Sasa na sisi tuna nyumba," alisema Kokuhirwa. Kisha aliuinua ule mtungi, akautoa nje, akauweka nyuma ya jiko.

Alistidia aliona giza machoni kwa hasira. "Huo ni mtungi wa mama."

"Najua. Tangu nilipoingia hapa nakunywa maji ya marehemu, nalalia jina la marehemu, napikia jiko la marehemu. Maji yatakaa kwenye debe."

"Mimi sitakunywa."

"Usinywe. Kiu ni yako." Kokuhirwa aliligeuza debe, akachutama. Ubavuni palikuwa na neno moja la Kiingereza, limepakwa rangi nyekundu. Yeye hakuwa amesoma hata siku moja, wala hakulificha jambo hilo. "Wewe msomi, njoo. Hapa pameandikwa nini?"

Alistidia alisogea. Alizitambua herufi zote, moja moja. Lakini Kiingereza alikianza mwaka uliopita tu, na neno hilo hakuwahi kukutana nalo. Kusoma ndiko kulikokuwa silaha yake pekee dhidi ya mwanamke huyo. Mara ngapi alikuwa amemcheka aliposhika kitabu cha nyimbo kichwa chini? Leo akiri kwamba hajui? Heri apigwe fimbo.

"Ni jina la kiwanda," alisema.

"Hakuna zaidi?"

"Nimekwambia, ni jina la waliotengeneza debe. Au unataka nikusomee mara mbili?"

Kokuhirwa alifyonza, akachukua majivu na maji, akaanza kulisugua debe ndani. Alilisugua sana, maana lilikuwa na harufu kali. Jumapili asubuhi, baada ya kulisuuza mara tatu, alilijaza maji. Alistidia hakunywa hata tone. Alikwenda kunywa chemchemini kwa kiganja, akajiona shujaa.

Jumatatu, saa nne, jirani alikuja kumwita shuleni. Buberwa alikuwa akitapika na kutetemeka mwili mzima. Alistidia alipofika nyumbani alimkuta Kokuhirwa mlangoni, naye ameshika tumbo, jasho linamtoka, mtoto yuko mgongoni.

"Nishike upande huu," alisema Kokuhirwa kwa shida. "Twende hospitali."

Walipofika mjini, mtoto alipokelewa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aliyeitwa Ildefons. Aliwahoji wamekula nini na wamekunywa nini, akamtuma mtu akalilete debe. Lilipofika alilitazama mara moja tu.

"Hili neno maana yake ni sumu," alisema. "Debe hili lilikuwa la dawa ya kuulia wadudu wa kahawa. Nani aliyetia maji humu?"

Wakati huo Klaudia, dada wa marehemu mama, alikuwa ameshafika kutoka Maruku, habari mbaya haikawii. Alimnyooshea kidole Kokuhirwa. "Ni huyu. Ametaka kumuua mtoto wa dada yangu apate kuzaa wake."

"Niliuliza kabla ya kulitumia," alisema Kokuhirwa. "Nilimwuliza Alistidia. Aliniambia ni jina la kiwanda."

"Unamsingizia mtoto? Alistidia, alikuuliza?"

Macho yote yalimgeukia. Alistidia alitazama sakafu. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na Klaudia alimkumbatia kana kwamba amekwisha kujibu. Tusimfiche msichana huyu: katikati ya hofu yake alisikia furaha ndogo, mbaya, kwamba sasa mwanamke huyo ataondoka.

Kokuhirwa, aliyekunywa kidogo tu, alipewa dawa akaruhusiwa, lakini Buberwa alilala hospitalini siku mbili. Siku ya tatu aliomba ndizi, na madaktari walisema amepona. Lakini huko nyumbani mambo yaliharibika. Majirani waliacha kumsalimu Kokuhirwa. Mwanamke mmoja alimmwagia maji machafu njiani akipita. Klaudia alitangaza kwamba atakwenda polisi, na Rugaibula, aliyerudi kutoka Muleba bila kumaliza paa, aliwaita watu wa ukoo.

Walikaa sebuleni Alhamisi mchana. Kile kiti chenye mkono mmoja alikikalia mzee Ishengoma, kaka mkubwa wa Rugaibula. Wengine walikaa kwenye nyasi. Kokuhirwa alisimama mlangoni, nguo zake amezifunga katika kitenge. Hakulia.

"Nimesema mara moja, sirudii," alisema. "Niliuliza, nikajibiwa. Kama hamniamini, nakwenda kwetu."

"Nenda, na polisi watakukuta huko huko," alisema Klaudia.

Rugaibula aliinama. "Mke wangu," alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi sijui niamini nini. Afadhali uende."

Kokuhirwa aliinua mzigo wake. Alistidia, aliyekuwa amekaa karibu na Klaudia, alingoja ile furaha irudi. Haikurudi. Alichokiona ni mgongo wa mwanamke aliyembeba Buberwa mpaka mjini huku naye tumbo likimkata. Kama angetaka kuua, angemwacha mtoto pale mlangoni.

"Tata," alisema, akimgeukia baba yake. "Aliniuliza."

Kokuhirwa aligeuka pale mlangoni.

"Aliniuliza debe limeandikwa nini. Mimi sikujua lile neno. Niliona aibu kusema sijui, nikasema ni jina la kiwanda. Na hospitalini nilinyamaza makusudi, waitu, wazee wangu, ili afukuzwe."

Rugaibula alisimama, mkono wake ukaenda kwenye fimbo, lakini Ishengoma alimzuia. "Ngoja. Aliyetendewa aseme kwanza."

Kokuhirwa aliweka mzigo chini. Alimjia Alistidia, akasimama mbele yake. Uso wake haukuwa wa msamaha hata kidogo.

"Leo sikusamehe," alisema. "Labda kesho, labda mwakani. Sitakudanganya. Lakini sikiliza. Mimi sikusoma. Barua ya mama yangu ikija, naomba nisomewe. Risiti nikipewa, naomba nisomewe. Hata watoto wananicheka, na wewe ukiwa wa kwanza. Je, nimekufa kwa kuchekwa?"

"Hapana."

"Na Buberwa amefanywaje na aibu yako?"

Machozi yalimtoka Alistidia, na hakuna aliyemfuta.

"Basi hilo ndilo la kujifunza," alisema Kokuhirwa. "Kusoma kwako ni kuzuri, nami nakuonea wivu. Ila mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui, akamwulize mwingine. Mimi ningetembea mpaka kwa mchungaji kuuliza. Ni mwendo wa robo saa."

Mzee Ishengoma aliitikia kwa kichwa. Aliamuru kwamba Alistidia aende siku ile ile nyumba kwa nyumba, kwa kila jirani aliyemtukana Kokuhirwa, akaseme mwenyewe kilichotokea, na Klaudia afuatane naye asikie. Rugaibula atalitoboa debe na kulizika mbali na chemchemi, kisha atakwenda sokoni kuhakikisha muuzaji hana mengine.

Klaudia alijifunga khanga upya, bila kumtazama mtu. Alistidia alijifuta uso kwa mkono wake, akatoka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule mwanamke aliyemwaga maji machafu. Alibisha hodi, na alipofunguliwa alisema, "Nimekuja kukwambia kwamba mama hakukosa. Nilikosa mimi."