Papai la Banza, Avoka la Marceline

Mchana ule Marceline alipika bukari, yaani ugali, laini kuliko kawaida, na sombe ya majani ya muhogo aliyoitwanga mpaka ikalainika kabisa. Akaweka sahani mbele ya mumewe, Banza, kwenye kivuli cha ukuta. Wanaishi mtaa wa Panda, katika nyumba ya matofali iliyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Banza alifanya kazi kiwandani mpaka akazeeka. Sasa meno yamebaki machache, na tangu alipougua wakati wa baridi, hamu ya chakula imemtoroka.

Akamega tonge moja, kisha akasukuma sahani.

"Baba Hénoc, kula hata kidogo," Marceline akasema. Hénoc ni mtoto wao wa kwanza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba na nini? Tangu asubui haukulake kintu!"

Marceline akatazama mikono ya mumewe. Ilikuwa imekonda, na pete ya ndoa ilikuwa ikicheza kidoleni. Mama huyu aliogopa, aliogopa sana. Lakini Marceline si mtu wa kukaa na woga wake bure. Akiogopa, hutafuta la kufanya.

Alikuwa ameona jambo moja. Siku zile zote, kitu pekee ambacho Banza alikimaliza ni kipande cha papai kutoka sokoni.

"Mvua inakaribia," akasema. "Tupande papayi hapa kwetu. Ile njo unaweza kula bila meno."

"Hapana. Nitapanda avoka." Avoka ni jina lao la parachichi.

"Avoka ya mbegu? Itakawia myaka na myaka! Weye utaikula lini?"

"Haiko ya minye."

"Ni ya nani, basi?"

Mzee akachukua jembe, akaenda polepole mpaka kona ya chini ya ua. Pale palikuwa na shimo. Hénoc ni mchimbaji wa mawe ya shaba huko Kamatanda, na kabla hajaoa na kuhama, mawe yake alikuwa akiyaoshea hapo. Udongo wa shimo ulikuwa laini na wenye unyevu. Tena lilikuwa limekwisha kuchimbwa, na mzee mgonjwa hakuona sababu ya kuchimba jingine. Alikwisha kupanda avoka hapo, likakauka. Akapanda ndimu, nayo ikakauka.

Akasimama juu ya shimo, jembe mkononi.

"Mukono yangu imekufa," akasema kwa sauti ndogo. "Kila kintu minapanda kinakauka. Hii ni ya mwisho. Kama inakauka, minaacha."

Marceline alijua kwamba mumewe hazungumzii miti tu.

Wakati huo jirani yao Viviane akaingia. Viviane hufundisha akina mama wa parokia kilimo cha nyumbani. Alikuwa amesikia sauti zimepanda, na kwa kuwa ni jirani mwema, alikuja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji.

"Papa Banza, unapanda nini mu ile shimo?"

"Avoka."

Viviane akainama. Akaokota bonge la udongo, akaligeuza. Lilikuwa na rangi ya kijani.

"Nani alikuwa anaosha mawe huku?"

"Hénoc," Marceline akajibu.

"Njo ile. Huyu udongo iko na shaba mingi. Shaba inaunguza mizizi. Hata mukono ya nani, hapa muti haiwezi kukomea, haiwezi kukua. Tena maji inalala mu shimo. Avoka haipende maji ya kulala, mizizi yake inaoza."

Banza akamkazia macho. "Donc basi, haiko mukono yangu?"

"Hapana, papa. Ni shimo."

Mzee akatazama viganja vyake, kimoja kisha kingine, kana kwamba ndiyo kwanza amerudishiwa.

"Na sasa munabishana juu ya nini?" Viviane akauliza.

Wakajibu wote wawili pamoja, mpaka Viviane akacheka.

"Mungoje! Papayi inakomea mbio. Kama munapanda na mvua hii, mwaka kesho inaweza kuzaa. Mais lakini haiishi sana. Kisha myaka tatu ao ine inachoka. Inaogopa baridi na upepo, muiweke karibu na ukuta, kwa jua. Na musipande moya tu. Kuko papayi dume, inatoa maua bila matunda. Mupande tatu."

"Na avoka?" Banza akauliza.

"Avoka inaenda polepole. Ile ya mbegu inaweza kupitisha myaka saba bila tunda. Mutafute ya greffe, ile bameunganisha na kijiti ya muti yenye kuzaa. Ile inazaa kisha myaka tatu ao ine. Inakuwa kubwa, muiweke mbali na nyumba. Mais inakuwa muzee kupita siye bote."

"Njo maana," Banza akasema.

"Maana ya nini?" Marceline akauliza.

Mzee akaegemea jembe. "Siku moya sitakuwa hapa. Weye unapenda avoka na mukate tangu tulioana. Utakaa mu kivuli yake. Utakula, ingine utauzisha. Sina na kintu ingine ya kukuachia."

Machozi yakamtoka Marceline, na hasira pamoja nayo.

"Muzee weye! Minye natafuta muti ya kukubakisha huku. Weye unatafuta muti ya kuniaga!"

Viviane akageuka, akawatazama kuku kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Mais juu ya nini kuchagua? Papayi inakamata nafasi kidogo. Mupande yote. Papayi itawalisha pale munangoja avoka. Siku papayi inazeeka, avoka itakuwa inazaa."

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakusema avumilie huku tumbo likilia.

Marceline akapangusa uso. "D'accord. Mais avoka yako sitaikula peke yangu, baba Hénoc. Kama unaipanda, utaingoja na minye."

Banza hakuahidi. Lakini jioni ile alimaliza bukari yake.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Hénoc akaja kuchimba. Walichagua sehemu ya juu ya ua, ambako maji hayatuami na mawe hayakuoshwa kamwe. Waliweka udongo mzuri na samadi ya kuku iliyooza. Mipapai mitatu ilipandwa kando ya ukuta, kwa nafasi. Avoka la greffe lilipandwa mbali na nyumba, na Banza akalifunika chini kwa majani makavu ili udongo usikauke. Shimo la zamani lilifukiwa kwa mawe, na juu yake wakaweka benchi. Hénoc akaapa kwamba hataosha mawe nyumbani tena, kwake wala kwa wazazi.

Mwaka uliofuata, mmoja wa mipapai ulitoa maua marefu yanayoning'inia. Ulikuwa dume. Viviane akashauri wauache, kwa sababu poda ya maua yake ingesaidia ile mingine kuzaa. Na kweli, ile miwili ikabeba matunda.

Papai la kwanza lilipoiva, Marceline alilikata katikati, akalikamulia ndimu. Banza alikula kwa kijiko, akakwangua mpaka ganda. Pete haikucheza tena kidoleni.

Kisha mzee akachukua ndoo, akaenda kumwagilia avoka. Mti ulikuwa umemfika kiunoni. Viviane alikuwa akipita nje ya ua.

"Mutoto yangu," Banza akamwita, "ulisema inazaa kisha myaka ngapi?"

"Tatu ao ine, papa. Moya imeshapita."

"Bon." Banza akaweka ndoo chini, akamgeukia mkewe. "Minye niko. Na mukate, nani ataleta?"

"Minye," Marceline akasema, huku akicheka na kulia. "Minye nitaleta."