Dawa ya Mzee Kimutai

Chepkorir alikuwa mkulima wa Subukia. Asubuhi alikama ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, kisha akarudi kumpikia babake chai. Baba huyo, mzee Kimutai, alikuwa na saratani ya tezi dume. Ilikuwa imefika kwenye mifupa. Mwezi huo mgongo ulimuuma sana, hata kugeuka kitandani kukawa kazi.

Jirani yao, Tabby, alimhurumia. Alileta vidonge vya maumivu vilivyobaki alipofanyiwa upasuaji.

"Dawa hizi ni kali. Mpe mbili," alisema.

Mzee alimeza. Alilala kutwa nzima, na kumwamsha kukawa shida. Chepkorir aliogopa sana. Lakini mzee alipoamka, maumivu yalikuwa palepale.

Kesho yake Chepkorir alienda kwa kemisti mjini. Alimkuta Akoth, mfamasia.

"Nataka dawa ya maumivu, ile kali kabisa."

"Uko na karatasi ya daktari, mama?"

"Karatasi ya nini? Mzee anaumia!"

"Pole sana. Lakini hiyo siuzi kama daktari hajaandika. Sheria inamlinda mzee. Ikizidi, mtu anaweza kushindwa kupumua."

Chepkorir akamwambia kuhusu vidonge vya Tabby. Akoth akatikisa kichwa.

"Usimpe tena. Zilete hapa. Dawa ya mwenzako haikujui: uzito wako, figo zako, ugonjwa wako. Mpeleke hospitali Nakuru, kliniki ya kutuliza maumivu. Si lazima ateseke hivyo."

Siku mbili baadaye walikuwa mbele ya daktari Odero.

"Mzee, sifuri ni hakuna maumivu. Kumi ni yasiyovumilika. Wewe uko wapi?"

"Nane. Ukinigusa, kumi."

Daktari alimpima, akaandika mofini ya maji. Mzee akakunja uso.

"Hiyo si ya walevi? Unataka nianze ulevi uzeeni?"

Daktari alicheka. "Hapana, mzee. Hii ni ya kutibu maumivu, na sisi tutakufuatilia. Kunywa kila baada ya saa nne, usingoje uchungu urudi. Mwanzoni utasinzia kidogo. Choo kitakuwa kigumu, ndiyo maana nakuandikia pia ya kulainisha."

Kisha akamgeukia Chepkorir. "Usiongeze kipimo bila kutuuliza. Akilala bila kuamka, au pumzi ikipungua, mlete mara moja. Chupa ifungie kabatini. Usimgawie mtu. Ikibaki, irudishe."

Chepkorir aliandika yote kwenye daftari. Vidonge vya Tabby alivipeleka kwa Akoth.

Wiki ya kwanza mzee alisinzia kidogo. Daktari alipopiga simu kumuulizia hali, alirekebisha kipimo. Wiki ya pili mzee aliketi uani na kulalamika kwamba chai haina majani. Chepkorir hakuwahi kufurahia malalamiko hivyo.

Jumamosi moja alitoka shambani akakuta kitanda kitupu. Alikimbia nje, akamwona babake na fimbo, amefika kwenye geti.

"Baba! Unaenda wapi?"

"Kwa kinyozi. Kwani kesho nitaingia kanisani na hizi nywele?"

"Ulikunywa dawa ya saa nne asubuhi?"

"Nimekunywa."

"Basi ningoje, nibadilishe viatu."

"Fanya haraka," mzee alisema. Naye hakungoja. Chepkorir ikabidi amkimbilie barabarani, kiatu kimoja mkononi, akicheka mpaka machozi.