Mchumba wa Mlali

Kila siku baada ya kuswali alasiri, Mwaisha alijifunga khanga safi, akajipaka wanja, akakaa mbele ya kompyuta. Wanja wa nini, wakati kompyuta ile haikuwa na kamera? Usiniulize mimi. Mwenye mume safarini anajua.

Mumewe, Mansuri, alikuwa India akisomea mitambo ya maji. Ilikuwa mwaka 2006, kompyuta za mtumba zikiuzwa kila mtaa. Mansuri alinunua moja kabla ya kusafiri. Aliiweka sebuleni kwa bibi yake, hapo Mazimbu, akaiunganisha na intaneti kwa simu ya mezani. Nyumbani waliishi watatu: Bibi Pili, Mwaisha, na Raya, mdogo wake Mansuri. Wote walitumia kompyuta hiyo hiyo. Raya alicheza karata. Bibi Pili aliangalia picha za harusi. Mwaisha alichati na mumewe.

Kuchati ni kuandikiana kwa kompyuta. Wewe unaandika huku, mwenzako anasoma kule papo hapo, naye anajibu.

"Huko kuna mvua?" Mansuri aliandika siku moja.

"Mawingu tu," Mwaisha alijibu. "Tangu asubuhi mlima hauonekani."

"Nautamani huo mlima. Na wewe nakutamani."

Mwaisha aligeuka nyuma. Raya alikuwa mkekani, anachambua mchicha. Mwaisha akaandika, "Haya." Mtu yuko ng'ambo ya bahari, anasema anakutamani, wewe unamjibu haya. Lakini angeandika nini, na wifi yake yuko pale pale?

Jambo moja lilimpa moyo. Mansuri angekuja likizo, ili wale Idi pamoja. Mwaisha alikuwa ameshadarizi foronya mpya kwa ajili yake.

Kisha Mansuri akanyamaza. Jina lake lilionyesha kwamba yupo, lakini hakujibu. Mwaisha aliandika, "Mansuri, upo?" Aliandika tena kesho yake, na kesho kutwa. Simu ya kupigia India ilikuwa ghali, haishikiki. Mwishowe likaja jibu moja.

"Nimekuelewa. Likizo nitabaki huku. Kaa kwa amani."

Halafu jina lake likazimika. Mwaisha alienda jikoni akalia. Alimtaka mumewe, basi. Hakujua amekosa nini.

Bibi Pili akamfuata. "Mke mwenzangu, macho yako yana nini?"

Nikueleze kidogo. Bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wake mume wangu, na mke wa mjukuu humwita mke mwenzangu. Hakuna anayekasirika.

"Mansuri haji, bibi," Mwaisha alisema.

"Haji kwa nini? Amemwonea wivu mchumba wangu?"

"Mchumba gani?"

Bibi Pili akacheka. "Ile siku ulipokwenda sokoni, kompyuta ililia. Raya akasema, kaka anaita. Nikamwambia aniandikie: Mume wangu, umekawia mno. Mwenzio nimepata mchumba kijijini Mlali, ana migomba na mbuzi. Usijisumbue kuja."

Mwaisha akamgeukia Raya, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Raya, uliandika hivyo?"

"Hivyo hivyo, wifi," Raya alisema. "Nilijua atacheka."

"Kwa jina la nani?"

Raya akafikiri. Uso ukambadilika. "Lako," alisema kwa sauti ndogo.

Umeona? Maneno hayo akiyasema bibi, mjukuu anacheka. Akiyasema mke, mume hapati usingizi. Bibi Pili aliacha kucheka, akakaa chini pale pale jikoni. "Nimemvunjia mwenzangu nyumba," alisema.

"Lakini mimi niliifunga kompyuta," Mwaisha alisema. "Kila siku nafunga, na kitambaa nafunika."

Jirani yao, Judith, alikuwa mwalimu wa kompyuta mjini. Jioni hiyo Mwaisha alimwita.

"Shikamoo, bibi," Judith alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Njoo utuokoe."

Judith akasikiliza habari yote. "Mwaisha, wewe unafungaje?"

"Nabonyeza ule msalaba wa pale juu pembeni, dada. Dirisha linapotea. Nazima kioo, nafunika kitambaa."

"Sawa. Nikuulize. Ukifunga dirisha la chumbani, umetoka nyumbani?"

"Hapana. Bado nimo ndani."

"Na huku ni hivyo hivyo. Umefunga dirisha tu. Programu inaendelea, na jina lako limo. Mansuri alipoandika, dirisha likafunguka lenyewe. Anayekaa hapo anaandika kwa jina lako, hata kama hana nia mbaya." Akamwonyesha kitufe. "Ukimaliza, bofya hapa, sain auti. Maana yake, toka. Usiondoke mpaka uone jina lako limetoka."

Judith akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Programu ikafunguka, ikaingia yenyewe kwa jina la Mwaisha. Haikuuliza neno la siri.

"Mbona inaingia bila kuuliza?" Judith akalitoa jina la Mwaisha, ukurasa wa kuingilia ukabaki. "Hiki kiboksi nani alikitia tiki?"

Mwaisha akainama. Kiboksi kiliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha shule alikuwa nacho. Kilisema: nikumbuke.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani anaambiwa Mansuri."

Raya hakucheka. Judith naye hakucheka. Mimi nisingeweza kucheka.

"Hiki hakimwambii Mansuri," Judith alisema polepole. "Kinaiambia kompyuta ilikumbuke jina lako na neno lako la siri. Kwenye kompyuta ya watu wengi, kiache kitupu."

Kisha akawaonyesha mengine. Programu ilikuwa inahifadhi maongezi yote, na yeyote angeweza kuyasoma. Judith akaizuia isihifadhi, akafuta ya zamani. Akampa kila mtu mlango wake wa kuingilia kwenye kompyuta, na kila mlango neno lake la siri.

"Msitumie jina la mume wala la mtoto," alisema. "Hilo kila mtu atalibahatisha. Changanyeni herufi na namba. Na msiambiane."

"Hata mimi nisiambiwe?" Bibi Pili aliuliza.

"Hata wewe, bibi. Utakuwa na lako. Na hii meza igeuzeni. Anayeandika aupe ukuta mgongo, asiwepo wa kumsomea begani."

Wakaigeuza meza. Raya akamsaidia bibi yake kupata jina la kuchatia. Bibi Pili alichagua Mke Mkubwa. Mansuri alipoonekana kesho yake alasiri, yeye ndiye aliyetangulia kumwandikia kwa mkono wa Raya.

"Mume wangu, huyu ni bibi yako. Mchumba wa Mlali ni wangu mimi. Mke mwenzangu hana habari. Amelia mpaka hali chakula."

Bibi Pili alikunja khanga yake, akaikunjua.

"Bibi?" Mansuri aliandika.

"Ni mimi. Nisamehe."

"Bibi, uliniua. Mpe Mwaisha."

"Simpi. Anaingia kwa jina lake mwenyewe."

Raya akabofya sain auti, akahakikisha jina la bibi limetoka. Kisha akamshika bibi mkono, wakaenda uani, wakarudisha mlango. Mwaisha akaandika neno lake la siri.

"Huyu ni nani?" Mansuri aliuliza.

"Ni Mwaisha. Niko peke yangu. Hakuna anayesoma."

"Nisamehe kwa kuyaamini."

"Utakuja Idi?"

"Nafasi yangu ya likizo nimeshampa mwanafunzi mwenzangu. Nitakuja masika yakiisha."

Masika! Idi ingepita bila yeye, na miezi mingine baada yake. Mwaisha alilia, wanja ukamchuruzika. Utani wa dakika moja ulikuwa umemlia likizo nzima, na hakuna kitufe cha kuirudisha.

"Mwaisha," Mansuri aliandika, "kila siku uliniambia haya. Nikisema nakutamani, haya. Nikisema siwezi kulala, haya. Leo uko peke yako. Niambie lile ulilokuwa unashindwa kuniambia."

Mwaisha akafuta macho. Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, bila kugeuka nyuma.

Aliandika nini? Mimi sijui. Raya hajui. Bibi Pili aliuliza mara nyingi, na mpaka leo hajui.