Aliyelala Saa Nane Mchana

Siku ya kwanza ilikuwa kikombe tu. Evanthia alirudi kutoka zamu saa nane mchana, saa ambayo mji wetu wa Karditsa, hapa Ugiriki, mzima umefunga madirisha na kulala, akakuta kikombe chake cha kahawa mezani. Kilikuwa kimenywewa, na bado kina joto. Nyumbani hapakuwa na mtu ila binti yake Areti, wa miaka minane, anaandika kazi ya shule.

"Nani alikuwa hapa?"

"Wewe," Areti akasema bila kuinua macho. "Si umeamka sasa hivi?"

Evanthia akacheka kwa mdomo tu. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee, na tangu wenzake wawili wahamie Ujerumani alifanya kazi ya watu watatu. Mumewe alishakufa, hivyo mtoto hakuwa na mzazi mwingine. Ukimwambia apumzike, anakujibu kuwa atapumzika kaburini. Sisi majirani tulimsifu kwa jibu hilo, Mungu atusamehe.

Wiki ile supu ya dengu ikapoteza ladha mdomoni mwake. Mzee aliyekuwa akimwogesha mwaka mzima alikata roho mikononi mwake, naye akawaza shuka safi zimebaki ngapi. Kisha mezani akamwambia binti yake, "Kitanda cha sita, maliza chakula chako." Areti alicheka, halafu akaona mama yake hatanii. Mtoto akainamia sahani yake.

Jumanne alipofungua mlango alisikia wimbo. Ulitoka chumbani kwake, chini chini, wimbo aliokuwa akimwimbia Areti akiwa mchanga, na pamoja nao ilikuja harufu ya rihani aliyokuwa akisugulia nywele zake zamani, kabla harufu ya dawa za hospitali haijamganda mwilini. Akasukuma mlango kwa kidole, na katika giza lile la mchana, jua likipenya kwa mistari myembamba kati ya mbao za dirisha, akamwona mwanamke amelala kitandani kwake, amevaa gauni lake la kulalia, nywele zimeachiwa, mkono mmoja umemlaza Areti anayekoroma taratibu, na mwanamke yule alipogeuka polepole, sura ilikuwa ya Evanthia mwenyewe, macho yamevimba kwa kulia.

"Njoo ulale," kiumbe kile kikanong'ona. "Sijiwezi tena, Evanthia. Nilikungoja."

Evanthia alimvuta mtoto kwa mguu, wakatoka mbio bila viatu hadi kwa Poliksena, shangazi yake, nyumba ya tatu, ajuaye sala ya kuondoa jicho baya, lile linaloletwa na sifa za watu.

"Nani amekusifu siku hizi?" shangazi akauliza, akijaza maji kwenye sahani.

"Kila mtu."

"Basi tuna kazi."

Akadondosha mafuta ya zeituni. Kama ni jicho, mafuta huyeyuka majini na msoma sala hupiga miayo hadi taya limuume. Matone yalikaa mazima, yakimwangalia. Poliksena hakupiga mwayo hata mmoja.

"Hakuna aliyekuonea kijicho, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Na hicho ulichokiona sikijui. Kaa hapa kwangu siku tatu, ulale. Halafu tutaona."

"Kesho niko zamu, shangazi. Kifukuze tu."

"Kitu kinachokuita ulale, sijui kama..."

"Kifukuze. Nina wagonjwa thelathini."

Poliksena akachukua ubani na majani ya mzeituni yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi, wakarudi kwa Evanthia, akafukiza nyumba chumba kwa chumba. Walikikuta kimeketi ukingoni mwa kitanda. Hakikutisha wala kuunguruma. Kililia, kikang'ang'ania mbao za kitanda, kikamwita Areti kwa jina la kudekezwa ambalo mama yake hakulitamka tangu msiba wa baba, na mtoto akaponyoka mikononi mwa Evanthia akikimbilia pale, akilia, "Msimfukuze, bibi, huyo ndiye mama, huyo ndiye," huku Evanthia akimrudisha kwa nguvu, na Poliksena akamalizia sala mara ya tatu na kufungua dirisha. Pazia likatoka nje, likarudi. Harufu ya rihani ikakatika.

Hapo ndipo miayo ilipomjia Poliksena. Alipiga miayo mfululizo, machozi yakimtiririka, akakaa sakafuni.

"Huu uchovu si wangu," akanong'ona. "Ni wako. Evanthia, tumemfukuza nani?"

Evanthia hakusikia. Alikuwa amekwisha kuwasha pasi, ananyoosha sare ya kesho.

Tangu siku ile hachoki. Hapigi mwayo, hakai kitini, na hospitali wamempa cheti, kimetundikwa sebuleni. Humwuliza Areti kama amekula, kama amepata choo, anaandika, anapita. Sisi tuliomsifu sasa tunavuka barabara tukimwona. Inatuuma, lakini tunavuka.

Na kila saa nane, mtaa ukiwa umelala, Areti hupika kahawa, huweka kikombe kwenye dirisha lile lile, huinama nje na kuita, "Mama! Mama, rudi." Nyuma yake, chumba hicho hicho, mama yake anatandika kitanda. Hageuki.