Kofia Yenye Nyaya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala, huku redio ikiunguruma juu ya rafu. Alipomaliza kufagia, taarifa ya habari ilikuwa imemkaa kichwani. Njiani aliwarudia wenzake neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha mtangazaji. Ndiyo maana walimwita Kasuku.

Jambo moja hawakulijua. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuweza kusoma. Darasani alimtegea sikio aliyesoma kabla yake, na zamu yake ilipofika, alikodolea kitabu macho na kuyamwaga maneno yaleyale.

Wiki hiyo shule nzima ilichangamka. Alikuwa amekuja mtafiti wa ubongo, mama mmoja mcheshi, na kofia ya mpira iliyojaa nyaya. Alieleza kwamba ukiivaa, mawimbi ya ubongo wako huonekana kwenye kompyuta, na wala haiumi. Nani asingeitaka? Kasuku aliitaka hadi chakula cha mchana kikamshinda.

Lakini kwanza kila mwanafunzi aliitwa ofisini kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Kasuku alijibanza kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi. Wanne walipokwisha kusoma, ukurasa wote ulikuwa wake. Alipoitwa aliushika, akautiririsha bila kukwama.

"Hongera, unasoma vizuri sana," mtafiti alisema akiandika. "Basi, wewe tumemalizana."

"Na kofia je?"

"Kofia ni ya wanaopata shida kusoma, mwanangu. Nataka kujua ubongo wao unafanyaje kazi, ili wafundishwe kwa njia inayowafaa. Nitawafuatilia mpaka wawe watu wazima. Wasomaji wazuri wa kulinganisha nao nimeshawapata."

Kasuku alitoka ameduwaa. Ujanja wake ulikuwa umemponza mwenyewe.

Alipofika karakana alishindwa kuvumilia. "Baba, leo nimesoma bila kusoma," alisema, kisha akaeleza yote, tangu darasa la kwanza.

Baba aliweka randa chini. Alitoa mfukoni daftari lake la kazi na kulifungua. Palikuwa na michoro ya milango, meza na vitanda, na vijistari vya vipimo pembeni.

"Unaona neno hata moja humu?"

Kasuku alipekua. Hakuona.

"Niliacha shule nikiwa na umri wako," baba alisema. "Waliniita mvivu, nami nikaamini. Hata mama yako hakuwahi kujua."

"Kumbe na wewe, baba?"

"Na mimi."

Ajabu ni kwamba Kasuku hakuhuzunika. Alifurahi kama mtu aliyedhani yuko peke yake njiani, kisha akasikia hatua za mwenzake.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Kasuku alisema kweli mbele ya mtafiti. Mtafiti hakumkemea. Alimpa ukurasa mwingine, mpya kabisa. Maneno matatu tu yalimtoa jasho, na moja kati ya hayo alilikosea.

"Sasa nimekuona," mtafiti alisema kwa upole. "Kusoma kwako kwa jana kungenipotosha mimi, na pengine watoto wengine watakaosaidiwa na utafiti huu. Lakini hebu niambie, umewezaje kushika ukurasa mzima kwa kuusikia mara nne? Hilo nalo naliandika."

Akamvisha kofia. Ilikuwa ya baridi na iliwasha kidogo masikioni. Kwenye kompyuta mistari ilianza kupanda na kushuka.

"Ni mimi huyo?" Kasuku aliuliza.

"Ni wewe."

Baba alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akauliza, kwa aibu kidogo, kama kofia ina saizi ya watu wazima, maana hata yeye hajui kusoma. Mtafiti akacheka. Akamwambia kwamba anahitaji sana kujua watu kama yeye wameishije na wamejifunzaje kazi.

Baada ya vipimo kadhaa Kasuku aliambiwa kwamba ana disleksia. Si ugonjwa wala upungufu wa akili. Ubongo wake hupata taabu kuunganisha sauti na herufi. Mwalimu wake alifundishwa namna ya kumsaidia: sauti moja moja, huku Kasuku akiifuata herufi kwa kidole, polepole, kila siku. Kazi haikuwa rahisi. Kuna siku alilia. Lakini muhula ulipokwisha, barua ilifika kutoka kwa mtafiti, barua ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameisoma mbele yake. Kasuku aliifungua na kumsomea baba, akikwama hapa na pale, mpaka mstari wa mwisho. Ilichukua karibu nusu saa, na baba hakumkatiza hata mara moja.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua," baba alisema. "Haya si maradhi, lakini mimi niliyaficha miaka thelathini. Wewe ulisema kweli siku moja tu, na leo unanisomea barua. Usiogope kusema hujui, mwanangu. Asiyesema hajui, nani atamfundisha? Haya, nisomee tena."