Kikundi cha Atuganile

Wa kunishinda kusimulia mapenzi hajazaliwa Mbeya hii. Ingawa mume wangu husinzia kabla sijafika kwenye busu.

Atuganile, binti wa chuo, alikuwa likizo, anachambua mitumba soko la Mwanjelwa, gauni la bluu likipepea kwa baridi ya Julai. Mkono wake ukakutana na wa kijana mmoja juu ya sweta la kijani. Kijana mrefu, kola imepigwa pasi, hakuachia.

"Tulichangie, dada. Wiki yako, wiki yangu."

"Mimi sichangii hata kalamu."

Akacheka, akamwachia. Sweta likaenda naye chuoni Iringa, na kile kicheko nacho kikalifuata.

Chuo kilipofunguliwa, mhadhiri akagawa vikundi vya watu watano. Nani huyo benchi la nyuma? Mwenye kicheko, Sosthenes. Sasa, Atuganile na kazi za vikundi walikuwa paka na maji. Wawili wanaandika, alizoea kusema, watatu wanaandikisha majina. Safari hii akakubali uongozi bila kusukumwa. Simu zikaanza: kwanza za dodoso, kisha za umekula nini, mwisho za kusikilizana pumzi tu, ukungu ukipanda dirishani kama maziwa jikoni.

Halafu Sosthenes akapotea siku nne, simu haipatikani. Kumbe ni wale wale, akawaza Atuganile. Akashika kalamu, akakata jina la Sosthenes kwenye jalada la kazi.

Siku ya tano kijana akatokea, vumbi mpaka kwenye kope, madodoso thelathini kwapani. Alikuwa kijijini Idodi, mtandao haushiki, akizungukia wakulima, maana wenzao waliikwepa safari. Akaona jina lake lina mstari. Hakugomba. Akaweka karatasi mezani, akasema ataomba kuhamia kikundi kingine.

Jumamosi Atuganile akapiga simu.

"Jina nimeliandika upya, la kwanza. Kesho baada ya ibada tuna kikao kantini. Kikundi kizima."

Akaja. Akamkuta Atuganile ndani ya sweta la kijani, chai inafuka moshi.

"Wengine wako wapi?"

"Wako njiani." Akakoroga chai isiyo na sukari. "Nilikukata kabla sijakuuliza, Sosthenes. Usihame."

"Na sweta?"

"Wiki yako inaanza leo."

Kile kicheko kikarudi. Mara Ikupa, mwenzao wa kikundi, akapita na beseni la nguo, akasimama.

"Atu, mbona mmeshaanza? Si ulituambia kikao ni keshokutwa?"

Sosthenes akatazama mezani. Vikombe viwili. Atuganile akaivuta kola ya sweta, ikamfunika mpaka machoni.