Aliyeketishwa Kambi Namba Kumi na Nne

Maiti ilikuwa imeketi. Ndiyo maana Wes Cadotte, mhifadhi mkuu wa Hifadhi ya Jimbo ya Pike Ridge, aliiamkia kwanza kabla ya kushtuka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katikati ya Oktoba, na wapiga kambi wa mwisho walikuwa wameondoka tangu Ijumaa. Wes alishuka ufukweni kufunga mabomba ya maji kabla baridi haijayapasua. Pale kambi namba kumi na nne akamwona mzee amekaa kwenye kiti cha kukunjwa, amejifunika blanketi mpaka kifuani, anatazama Ziwa Superior. Wes akamwambia habari za asubuhi. Akarudia. Ukungu uliposogea kidogo, akaona macho ya yule mzee yako wazi na umande umetua juu ya mboni.

Sajini Verna Koskela wa upelelezi alifika saa tatu. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na minane, aliyezaliwa huko huko kaskazini mwa Michigan, na kwa miaka ishirini ya kazi alikuwa ameona maiti za kila namna: za wawindaji, za walevi, za waendesha pikipiki za theluji waliozama chini ya barafu. Hii ilimsimamisha mbali.

Haikuwa maiti yenyewe iliyomsimamisha. Ulikuwa mchanga. Kukizunguka kile kiti, mchanga wote ulikuwa umepigwa reki, mistari imenyooka kama matuta ya kitalu, hadi kwenye miguu ya kiti. Hapakuwa na unyayo wa kuja wala wa kwenda, isipokuwa wa Wes.

"Nani anapiga reki kambi zako?"

"Mimi, na Doreen, mwangalizi wa kambi. Lakini hii hatuigusi, Sajini. Kumi na nne huwa hatuigusi."

"Kwa nini?"

Wes alivua kofia, akaivaa tena. Alieleza kwamba miaka kumi na tisa iliyopita mtoto wa kike wa miaka minane, Tessa Lindell, alipotea kutoka kambi ile jioni moja ya Agosti, wazazi wake wakiwa wanawasha moto wa chakula. Watu mia mbili walimtafuta siku kumi na moja. Hawakupata hata uzi wa nguo yake. Tangu hapo kila mhifadhi mkuu anayeondoka humwachia mwenzake neno: kumi na nne usiipangishe. Yeye mwenyewe alilikuta neno hilo alipohamia miaka minne iliyopita, na hakuwahi kuuliza zaidi.

"Na huyu mzee unamjua?"

"Namjua. Orrin Haglund. Alikuwa mhifadhi hapa kabla hajastaafu." Wes akakitazama tena kile kiti. "Ndiye aliyeongoza msako wa yule mtoto."

Akaongeza jambo jingine, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa. Tangu Septemba wapanda milima walikuwa wakimletea habari ya sauti. Huko juu mlimani, kwenye Ziwa Sorrel, ikifika saa kumi na moja jioni, husikika kilio. Wes aliwaambia ni wale ndege weusi wenye madoa, ambao kilio chao majini kinafanana mno na cha mwanamke aliyefiwa. Nao wakaridhika.

"Basi ni ndege," Koskela alisema.

"Ndege waliondoka kwenda kusini wiki mbili zilizopita, Sajini. Sauti bado ipo."

Doreen Vasko, mwangalizi wa kambi, alikuja na chupa ya kahawa. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mikono mipana kwa kubeba kuni, anayeishi kwenye karavani karibu na lango tangu Mei hadi theluji ya kwanza, kama alivyofanya miaka mitatu mfululizo. Alisema alikuwa amelala na maumivu ya kichwa tangu Jumamosi na hakusikia gari wala mtu. Aliwamiminia kahawa, akamuuliza Wes kama amekula, akaondoka. Hakutazama upande wa kile kiti. Watu wengi hawapendi kutazama maiti, na Koskela hakulitia maanani.

Alasiri Daktari Banerji alimpigia simu kutoka mochari.

"Amekufa maji," daktari alisema.

"Nguo zake zilikuwa kavu."

"Za nje ndiyo. Chupi ilikuwa bado mbichi. Amevalishwa baada ya kufa. Shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, kola imelazwa vizuri, kama mama anavyomwandaa mtoto wa shule."

Koskela alivuta daftari. "Alizama Superior?"

"Hapana. Superior ni maji maangavu. Haya niliyoyatoa mapafuni yana rangi ya chai iliyokolea, na nimeyaweka chini ya hadubini. Vijimea vyake ni vya maji ya kinamasi, maji yaliyolala juu ya majani yaliyooza. Alikufa Jumamosi, mchana au jioni. Na kuna jambo lingine, Sajini. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimevunjika. Vilipigwa akiwa hai."

Katika hifadhi nzima, ziwa lenye maji ya rangi ya chai lilikuwa moja tu, nalo ni Sorrel, juu mlimani, maili moja kutoka ufukweni.

Jumanne Koskela alishinda ofisini akisoma jalada la zamani la msako. Karatasi zilinuka unyevu. Katika ukurasa wa kwanza kabisa, Haglund alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ameona nyayo za kandambili ndogo kwenye njia ya mashariki, zikiingia msituni. Kwa sababu ya mstari huo mmoja, watu mia mbili walikwenda mashariki. Ziwa Sorrel liko magharibi. Hakuna aliyeingiza hata mti majini kulipima.

Mwishoni mwa jalada kulikuwa na picha iliyokatwa gazetini. Koskela aliitazama, kisha akainuka na kwenda nayo dirishani.

Mwanamke ameketi kwenye kiti cha kukunjwa, ufukweni, kambi namba kumi na nne. Blanketi limemfunika mpaka kifuani. Anatazama maji. Chini yake pameandikwa: mama wa mtoto aliyepotea, siku ya tisa. Nywele zilikuwa nyeusi wakati ule na uso haukuwa na makunyanzi, lakini ile mikono mipana juu ya blanketi ilikuwa ileile iliyommiminia kahawa jana.

Karavani ilikuwa imefungwa. Kigari chake cha injini, cha kubebea kuni, hakikuwepo. Alipomuuliza Wes, alijibiwa kwamba Doreen hupanda mlimani kila jioni kunyoosha miguu, na kwamba ufunguo wa lango la barabara ya huko unakaa kwake, kwa ajili ya kigari.

"Kila jioni, saa ngapi?"

Wes alifungua mdomo, kisha akaelewa alichoulizwa, akageuka kutazama mlima.

Koskela alipanda peke yake, akimwacha Wes langoni kungojea askari wengine. Njiani, nyuma ya misonobari, alikuta gari la Haglund limefichwa kwenye kichaka. Nyuma yake kulikuwa na kamba mpya, winchi ya mkono ya kuvutia vitu vizito, na begi tupu ambalo bila shaka lilibeba nguo kavu. Huyu mzee alikuja akijua ataingia majini.

Ziwa Sorrel lilikuwa limenywea. Mvua zilikuwa zimekataa kiangazi kizima, na ukingo mpana wa tope jeusi ulizunguka maji kama kidonda. Ukungu ulikaa juu yake bila kusogea. Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na ndege. Hatua thelathini hivi kutoka ukingoni, pua ya mtumbwi wa bati ilikuwa imechomoza, na kamba mpya imefungwa kwenye pete yake. Namba saba ilisomeka ubavuni, ya rangi ya hifadhi. Koskela alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akaendelea hadi kiunoni, akapapasa chini ya mtumbwi. Vidole vyake vilikuta matundu. Manne, ya mviringo, yamenyooka. Mwamba hautoboi hivyo. Ile ilikuwa kazi ya keekee.

Ndipo alipoisikia.

Ilitoka ng'ambo, ndani ya ukungu, ndefu na nyembamba, ikapanda, ikavunjika, ikanyamaza. Alijua ni mtu, alijua hata ni nani, lakini mwili haukukubali kujua. Miguu ilitaka kukimbia. Sauti ikaja tena, karibu zaidi, na safari hii akasikia kwamba ilikuwa jina.

"Tessaaa."

Doreen Vasko alitokea ukingoni akitembea polepole, mikono mfukoni. Alipomwona Koskela ndani ya maji, hakushtuka.

"Toka humo, mwanangu," alisema. "Utakufa na baridi."

Koskela alitoka. Alimwambia kwamba ana haki ya kunyamaza na haki ya wakili, na kwamba lolote atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Doreen alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akaketi juu ya gogo.

"Wewe ni Doreen Lindell."

"Nilikuwa. Vasko ni jina la baba yangu."

"Ulirudi kufanya nini hapa?"

"Kutafuta. Nilistaafu, nikaona nina nguvu bado. Majira matatu nimeupekua msitu wa mashariki, mti kwa mti. Mwaka huu ndio ulionishinda. Nikaanza kuja huku kwa sababu hakuna watu, naweza kumwita kwa sauti bila kuonekana kichaa."

"Na Jumamosi ukamkuta Haglund."

"Nilimkuta majini mpaka kifuani, anauvuta huo mtumbwi kwa kamba. Nilidhani ni mvuvi kapata shida. Nikachukua kasia aliloliweka ukingoni, nikaingia kumsaidia." Alimtazama Koskela usoni. "Kweli, Sajini. Niliingia kumsaidia."

"Kisha?"

"Alinitambua. Mimi sikumtambua, yeye ndiye aliyenitambua. Akaanza kulia."

Mguu wa Haglund ulikuwa umenasa kwenye tope chini ya mtumbwi, na meno yalikuwa yakigongana. Alisema yote palepale, bila kuulizwa, kama mtu aliyeubeba mzigo mpaka mabega yakachubuka. Jioni ile ya miaka kumi na tisa iliyopita aliuacha mtumbwi ukingoni bila kufuli, akaingia kibandani kwake, hapo kando ya ziwa, kunywa, ilhali alikuwa zamu. Alisikia kilio ziwani. Akajiambia ni ndege. Asubuhi aliukuta mtumbwi umepinduka na kandambili moja ndogo inaelea kando yake. Aliogopa kufukuzwa, aliogopa jela. Akautoboa, akauzamisha, akashuka ufukweni kuwaambia watu ameona nyayo mashariki.

"Kiangazi hiki maji yakashuka," Koskela alisema, "akaja kuusogeza kwenye kina."

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

"Nilimuuliza mwanangu alilia mara ngapi. Akasema hakumbuki. Akasema, si mara nyingi." Doreen alitazama mikono yake. "Akanyoosha mkono nimvute. Alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi kwa ule mwingine. Nikampiga vidole kwa kasia. Akashika tena. Nikampiga tena."

Ukungu uligusa nyuso zao. Koskela hakuandika kitu.

"Ungeweza kuondoka, ukamwacha hapa. Kwa nini umpeleke kule?"

"Kwa sababu siku ile ya kwanza aliniletea kiti. Yeye mwenyewe. Akanifunika blanketi, akaniambia, kaa hapa mama, usiondoke, mtoto akirudi akukute. Nikakaa siku kumi na moja nikitazama maji ambamo mwanangu hakuzama, na yeye kila asubuhi anapita kunisalimu." Sauti haikutetemeka. "Nilimpakia kwenye kigari kwa ubao na kamba, kama ninavyopakia magogo. Nikamvalisha nguo zake kavu. Nikamketisha. Jumapili yote nilipita kumsalimu, na kila mara nikafuta nyayo zangu kwa reki."

Koskela alimfunga pingu mbele, si nyuma, kwa sababu ya mteremko.

Wapiga mbizi walikuja Jumatano. Utaratibu ulitaka mtuhumiwa awe kizuizini mjini, lakini Koskela alimwambia mkuu wake kwenye simu kwamba anamhitaji aonyeshe mahali, na mkuu wake, aliyekuwa na watoto, hakuuliza mahali gani. Doreen alikaa kiti cha nyuma cha gari la polisi, mlango wazi, Wes amesimama kando yake na kofia mkononi. Saa nne na nusu mmoja wa wapiga mbizi aliinua mkono. Wakaleta turubai, kisha sanduku. Daktari Banerji alipiga magoti muda mrefu kwenye tope, akainuka, akamtazama Koskela, akatikisa kichwa kuafiki.

Koskela alirudi garini. Doreen aliomba simu.

"Wakili?"

"Wakili baadaye. Paul. Baba yake." Alilitazama lile turubai. "Alikuwa amemtuma Tessa kuni jioni ile. Polisi walimhoji wiki nzima. Watu walimtemea mate dukani. Mimi nilimtetea mwaka mmoja, kisha usiku mmoja nikamuuliza, ulimfanya nini mwanangu. Asubuhi yake akafungasha nguo zake, na sijazungumza naye tena."

Koskela alimtafutia namba, akabonyeza, akamwekea simu sikioni kwa sababu ya zile pingu. Iliita mara nyingi. Mwishowe sauti ya mwanamume mzee ikasema haloo, ikauliza ni nani.

Doreen aliinamia simu.

"Paul," alisema. "Ni mimi. Naomba usikate. Hukuwa wewe."